Kuta za Seva Zivunjwe, Tule Sinia Moja

Kamembe, Alhamisi asubuhi

Kwa Maman Umuhire,
Msimamizi wa kompyuta, Koperative yetu ya Mafundi.

Mheshimiwa Maman,

Pokea salamu kutoka kwa cherehani yangu, ambayo leo imenyamaza kwa hasira. Ni mimi Karim, fundi nguo, muntu aliyetembea: Bukavu nimeishi, Bujumbura nimepita, Kigali nimelala hoteli yenye lifti. Kwa hiyo nikisema jambo la seva, usidhani ni ushamba.

Zamani programu zetu zote zilikaa ndani ya seva moja kama ndugu. Mwezi huu umeigawa vyumba, unaviita kontena, kila fundi na chake, mlango umefungwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Upweke. Niliandika amri ya kuangalia ni programu zipi zinafanya kazi. Nikaiona yangu tu, imeandikwa namba moja. Nilifurahi, nikatangaza mpaka Gihundwe. Kumbe Véronique wa mikate naye amechungulia chumbani mwake, na yake pia ni namba moja. Nyumba gani ina wazaliwa wa kwanza wawili? Na wateja wangu ameshawaambia.

2. Chakula. Kila chumba umekipimia memori. Programu yangu ilipoomba kidogo tu zaidi, nikiifungulia picha za mashati yangu mia tatu kwa mpigo, seva iliiua papo hapo. Kwetu mgeni akimaliza sahani anaongezwa, hauawi. Sisi batoto ba Kamembe tumekula sinia moja tangu tuote meno; mwenye mkono mrefu anafika mbali, na hakuna aliyezikwa.

3. Hili ndilo linaloniliza. Jumamosi Mukundwa anaolewa. Vipimo vyake na vya wasindikizaji wake sita nilivihifadhi chumbani mwangu. Ni kweli uliniambia, "Papa Karim, vitu vya kudumu weka kwenye ghala ya nje. Chumba kikijengwa upya, vya ndani vinapotea." Nilisikia. Lakini muntu mzima ataachaje sanduku lake nje? Jana ukakijenga upya, vipimo vikaenda. Wasichana wamesharudi Gikundamvura, na vitambaa saba viko mezani vinanitazama. Nikikata kwa kukisia, Mukundwa ataingia harusini kama pazia.

4. Wewe mwenyewe ulikiri kwamba vyumba vyote vinatumia kiini kimoja cha Linux. Kama moyo ni mmoja, kuta za nini?

Kwa hiyo naomba kuta zote zivunjwe kabla ya sala ya Ijumaa. Wala isiishie kwenye seva. Ukuta wa ofisi yako nao uondolewe, ukae barazani na kompyuta yako, kila mpita njia asome unachoandika na akushauri. Baada ya hapo tutaingia kwenye nyumba za mtaa, tukianza na jiko la Véronique.

Nisalimie mzee wa nyumbani, batoto bote, walinzi wa ofisi, na hata Véronique, ingawa mkate wake wa leo ulikuwa mwembamba.

Wako asiye na kinyongo,
Hategekimana Karim,
Namba Moja.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha niliingia tena kutafuta vipimo, nikaandika amri niliyofundishwa na rafiki wa Bukavu anayejua yote. Ikafuta kila kitu chumbani, hata picha za mashati mia tatu. Nikakimbia kwa Véronique kumwomba radhi mapema. Nikamkuta anauza mikate, programu yake haina hata mafua. Ukuta umezuia. Nikajidai nimekuja kununua maandazi, lakini aliona uso wangu, akafunga duka, akanishika mkono mpaka ofisini kwako. Hukuwepo. Msaidizi wako Bernadette akafungua ghala ya nje: vipimo vyote saba vimo, ulivinakili kabla hujakijenga chumba upya, maana unakijua kichwa changu.

Basi kuta zibaki, Maman, tena changu ukiongezee tofali. Ile namba moja nimemwachia Véronique mpaka Jumamosi. Mimi nina vitambaa saba vya kukata.