Vipande vya Plasta kwenye Besi ya Muriuki

Marafiki, leo nimejianika mwenyewe. Mbele ya kanisa zima. Mbele ya mama yangu.

Tangu nimalize chuo, kitu pekee nilicho nacho hapa Tetu ni kupiga besi kanisani. (Digrii iko. Tumeiweka kwa fremu.) Halafu Muriuki akahamia hapa kutoka Wang'uru, akaja na gitaa la besi lisilo na vile vyuma vya shingoni vinavyotenga noti. Shingo tupu, laini kama meza. Kidole kikiteleza kidogo tu, umeharibu wimbo. Yeye hakosei. Juzi mama akaniambia, "Ati huyo kijana anafanya besi iimbe!" Mimi nimepiga miaka minne na hajawahi kusema hata imenguruma.

Asubuhi nilifika mapema. Besi yake ilikuwa imeegemea ukuta, na ubavuni mwa shingo nikaona vipande vidogo vya plasta nyeupe, kila kimoja mahali pa noti. Kumbe anaibia mtihani! Nikavibandua vyote. (Huku nikiwaza kuhusu alama za vidole.)

Ibada ikaanza. Muriuki akapiga nyimbo tatu, macho amefunga. Hakukosea popote.

Kabla ya sadaka akaivua besi, akanipa.

"Shika, bro. Huu wimbo ni wako."

"Wangu?"

"Kuna harusi kule Chaka na mimi sitakuwepo, na bibi harusi anataka hii besi. Nimemwambia Mama Wangeci wewe utaweza. Anataka tu kukusikia. Usiogope, nimekuwekea alama na plasta."

Mama Wangeci, kiongozi wa kwaya, akaniitikia kwa kichwa. "Haya kijana wangu, tusikie."

Nikapiga. Jamani! Kile kitu kililia kama ng'ombe aliyesahauliwa kukamuliwa. Waimbaji wa sauti ya kwanza wakawafuata wa sauti ya tatu, wote wakapotea. Mchungaji akafungua macho.

Muriuki akainama kuangalia shingo. "Plasta zimeenda wapi?"

Mama Wangeci akanitazama, maikrofoni bado mkononi. "Si ni hizo ziko kwa mkono ya koti yako?"

Nikaangalia. Tano, zimejipanga vizuri kabisa.

Harusi nimeikosa. Sasa hivi Muriuki amenitumia ujumbe, ati niende kesho anifundishe. Hata hajakasirika! Tafadhali msinicheke, kwa maana sasa naionea wivu mpaka roho yake nzuri.