Mdundo Mmoja, Ndimi Nane

Jumatatu, 3 Machi
Mdundo umekamilika. Nimeubatiza Radi Kavu. Besi yake imeangusha kopo la vifungo kutoka kwenye rafu ya dada. Desturi ya dansiholi kila mwenye masikio anaijua: prodyuza hutengeneza mdundo mmoja, waimbaji hupanga foleni, kila mtu huweka wimbo wake juu ya huo huo, kisha zote hutoka katika albamu moja. Waimbaji saba nimewapata. Nafasi ya nane nimeiacha mdundo mtupu, watu waisikie akili yangu bila kelele za mtu.

Dada hakushangilia. Yeye ni fundi cherehani, chumba ni chake, na studio yangu ni kona iliyozungushiwa majora ya vitambaa. Kasema albamu isipopigwa redioni Jumamosi, kona inaingia cherehani. Miaka sita ya sanaa ifukuzwe na mashine ya kushonea vifungo! Nimempigia mtangazaji wa kipindi cha rege. Huyo naye kasema nyimbo saba za mapenzi ni usingizi mara saba. Anataka bifu, waimbaji warushiane vijembe.

Jumanne, 4 Machi
Bifu haioti yenyewe. Hupandwa. Nimemnong'oneza Kinyozi, mwimbaji wangu wa kwanza, kwamba mwenzake Mwalimu wa Hesabu anaifananisha sauti yake na mashine ya kunyolea iliyokosa mafuta. Nikampitia Mwalimu: Kinyozi anadai ulikimbilia rege baada ya kushindwa kuhesabu hadi nne. Mama Kwaya nimemwambia wote wawili wanamwita kengele ya shule. Hadi adhuhuri nilikuwa nimewamaliza wote saba. Kila mmoja nimemwapisha asinitaje. Kazi safi.

Jumatano, 5 Machi
Wamekuja kurekodi. Wamenuna vizuri. Ila kila mmoja kaomba nitoke nje, dada ndiye abonyeze kitufe. Hasira inataka faragha, naelewa. Nimeshinda kwenye ngazi kama mume anayesubiri habari za wodi ya wazazi. Ndani wanacheka. Kicheko cha uchungu, bila shaka.

Alhamisi, 6 Machi
Nachanganya sauti. Prodyuza wa kweli husikiliza besi. Mwimbaji ninamzima kabisa, ananivuruga. Kiasi chake nakipima kwa macho, kwa taa za kijani kwenye kompyuta. Hao wanaosikiliza maneno ndio walioua muziki huu, na nitawaambia hivyo hata msibani kwao. Nafasi ya nane, isiyo na mwimbaji, nayo inawasha taa za kijani. Kompyuta imezeeka.

Dada kauliza kama nimesikia wanachoimba. Nikamjibu kwamba mjenzi wa nyumba hasomi barua za wapangaji.

“Haya, mdogo wangu,” akasema, sindano mdomoni. “Utaisoma siku ukitajwa.”

Wivu. Albamu nimeituma redioni.

Jumamosi, 8 Machi
Saa tisa alasiri, saa ya kipindi cha rege, nilitoa spika mlangoni. Majirani walijaa hadi kwenye ngazi. Waimbaji wote saba walikaa benchi moja, bega kwa bega. Hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Redioni akaanza Kinyozi: fundi wa mdundo, ulimi msumeno, unakata mbele, unakata nyuma. Nikadhani Mwalimu anasemwa. Nikatikisa kichwa kwa mdundo. Akaja Mwalimu: mdomo mmoja gawanya kwa saba, kinachobaki ni aibu. Nikapunguza kutikisa. Mama Kwaya akanitaja kwa jina langu la utotoni, ambalo dada peke yake ndiye alijuaye. Nyimbo saba, mtu mmoja! Kumbe Jumanne ile ile walikutana kwa Kinyozi wakalinganisha viapo.

Ya nane haikuwa mdundo mtupu. Sauti ile naijua tangu nabebwa mgongoni. Dada, taratibu, juu ya besi yangu, akiimba kwamba nilianza kuchongea kabla sijaota magego, na kwamba hadi leo anayenivumilia ni yeye. Watu wazima wakapangusa macho.

Mtangazaji akaurudia wimbo wa dada mara mbili. Majirani wanaimba kiitikio wakinipisha njia kwa adabu.

Dada ana neno moja. Albamu imepigwa, kona ni yangu. Akasogea karibu.

“Ila umbea mmoja, cherehani moja. Mimi nahesabu.”

Nikaapa. Mbele ya wote saba.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Prodyuza gani mwingine kaimbiwa nyimbo nane kwa mkupuo? Mpango haukuwa na dosari. Kosa ni kuwaacha wakae pamoja. Kwa albamu ya pili wasipate hata pa kukutania, na wa kwanza kutengwa ni dada.

Asubuhi nikaenda kunyolewa ndevu. Nikamnong'oneza Kinyozi kwamba dada anadai wimbo wake ndio uliowabeba, nyinyi wengine ni mizigo. Wembe ukasimama kooni kwangu. Akatabasamu. Akamaliza shavu la kushoto, akanawa mikono, akachukua simu. La kulia halijaguswa.

Adhuhuri, hodi. Wapagazi wawili na cherehani ya kwanza. Wamekwama mlangoni, spika yangu inawazuia, na dada amesimama nyuma yao, kanyoosha kidole kimoja.

Bado sijashindwa. Nimemnong'oneza mpagazi wa mbele kwamba mwenzake anajisifu kwa kushika upande mwepesi.