Tarumbeta ya Mjomba na Mtu Aitwaye Fagio

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Wanataka kumfuta mjomba! Ukurasa wake haujatimiza hata wiki kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, na tayari juu yake kuna kibandiko chekundu: je, mwanamuziki huyu anastahili makala? Wachangiaji wajadili. Aliyekibandika anajiita Fagio. Sura hana, jina hana, huruma hana. Anasema hakuna gazeti wala kitabu kinachomtaja mjomba, na chanzo pekee nilichoweka ni "kumbukumbu za familia".

Hajui kwamba familia ni mimi.

Mjomba, kaka wa marehemu mama, amelazwa. Pafu moja limeharibika, Ijumaa anapasuliwa. Ujanani alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Wimbo wao, "Zamu ya Asubuhi", ulikuwa ukisikika redioni alfajiri kabla ya habari. Daktari amesema hata akipona, tarumbeta ndiyo basi tena. Nataka aingie chumba cha upasuaji akijua kwamba dunia inamtambua. Nimeapa. (Ukurasa unamtaja pia mpwa wake, "mrithi wa kipaji". Sijawahi kupuliza hata filimbi, lakini mambo hayo yako damuni.)

Mke wangu kauliza kama si afadhali nimpelekee mgonjwa supu. Nimemwambia supu huisha.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Asubuhi dukani kwangu hakukuwa na mteja wa fotokopi. Nikafungua akaunti mpya: Mpenda Tarumbeta, Msikilizaji wa Zamani, na Mama wa Kawaida. Wote wakaingia kwenye mjadala, wote wakamtetea mjomba kwa uchungu. Mama wa Kawaida alinitoa machozi mimi mwenyewe.

Kabla ya chakula cha mchana Fagio alishajibu. Anashangaa kwamba watu hawa wote, pamoja na mimi, huandika "kwakweli" kama neno moja. Anashangaa pia kwamba wamezaliwa mtandaoni asubuhi hii hii. Wote wamefungiwa. Mimi nimepewa onyo.

Kwakweli mtu huyu ana roho mbaya.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Wanataka gazeti? Nimewapa gazeti! Nimechapa habari ya nusu ukurasa, "Mpiga Tarumbeta Atikisa Jiji", nikaipitisha kwenye mashine mara kadhaa hadi herufi zikachoka. Nikailoweka kwenye chai, nikaianika juu ya feni. Ikatoka ya miaka hamsini. Kando nikatia tangazo la fundi viatu, ili ionekane ya kweli.

Fagio kauliza fundi viatu wa zama zile alipataje namba ya simu ya mkononi.

Jioni nikaenda hospitali nimejikaza. Nikamweleza mjomba habari za ukurasa, nikimficha mapambano. Nikamsomea sentensi ya kwanza: mtunzi wa "Zamu ya Asubuhi". Akaniinulia mkono.

"Nani kakwambia niliutunga mimi?"

"Si kila mtu anajua, mjomba?"

"Kila mtu nani? Ule wimbo wa Sindano."

Sindano alikuwa mpiga gita wao. Amefariki zamani. Mjomba akasimulia huku akikatwakatwa na kikohozi. Sindano alikuwa zamu ya asubuhi, mkewe zamu ya usiku. Walikutana getini tu, mmoja akiingia, mwingine akitoka, na mlinzi akijifanya hawaoni. Wimbo mzima ni huo, hapo getini. Mjomba alichofanya ni kupuliza king'ora cha kiwanda kwa tarumbeta, mwanzo na mwisho.

Kisha akataka niandike kwenye mjadala, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba wimbo si wake. Akatamka polepole, nami nikaandika.

Niliandika: "Mimi mwenyewe, kutoka kitandani, nathibitisha kwamba wimbo ni wangu."

Ni kwa faida yake! Bila wimbo, ana nini?

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Siku mbaya.

Mke wangu alimpelekea supu mchana. Mjomba akamwomba amsomee mjadala kwenye simu. Akausoma wote, hadi ushahidi wa kitandani. Anasema mjomba alimwomba arudie sentensi hiyo. Akairudia. Mjomba akageukia ukutani, na supu hakuigusa.

Nilipofika, mke wangu akatoka nje bila kunisalimia. Nikakaa. Nikazungumzia hali ya hewa. Mjomba akasema, bila kugeuka:

"Mwanangu, umenifanya nimwibie marehemu."

Angenitukana ningejua pa kushika. Mtu huyu ndiye aliyenipeleka shule siku ya kwanza, kanibeba mabegani, tarumbeta ikining'inia ubavuni mwake. Nikatoa simu. Nikaandika ukweli, neno kwa neno kama alivyotamka jana: wimbo ni wa Sindano, mimi nilipuliza tu. Safari hii aligeuka na kutazama vidole vyangu mpaka mwisho.

Fagio akajibu papo hapo: nimwambie mzee asante, na Mungu amponye.

Nililia ukumbini. Mhudumu wa usafi akaniomba niinue miguu apige deki, nikaendelea kulia miguu ikiwa juu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Wamemwingiza asubuhi. Mke wangu na mimi kwenye benchi. Ameanza kunisemesha, kidogo.

Tukiwa tunasubiri, mjadala umefungwa. Uamuzi: kufutwa. Mpiga tarumbeta mmoja ndani ya bendi, asiye na kazi iliyoandikwa kwa jina lake, hastahili makala ya peke yake. Nimebonyeza jina la mjomba, pakatokea weupe mtupu. Nikahisi kama nimemuua kabla ya madaktari.

Kisha mke wangu akaninyang'anya simu, akashuka chini ya uamuzi. Fagio alikuwa amekwenda maktaba. Amepata majarida ya chama cha wafanyakazi, ya kweli, yasiyonuka chai, na ameanzisha makala mpya: Bendi ya Kiwanda cha Nyuzi. Kuna hata picha.

Daktari akatoka. Yuko hai.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Leo ameruhusiwa kuonwa. Sauti imekuwa pumzi tu. Nikamsomea makala ya bendi. Kila jina lilipotajwa aliinua kidole kwenye shuka, kama anaita mahudhurio. Kwa Sindano, "gita, mtunzi", akanisimamisha. Nikasubiri hadi kidole kishuke. Halafu jina lake, na mbele yake neno moja: tarumbeta. Akatikisa kichwa kuafiki.

"Wote wapo," akasema.

Akalala akiwa ameshika picha, yaani simu yangu. Sikuidai. Nimeelewa jambo kubwa leo. Mimi ni mtu mwingine.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimeamka na wazo. Baba mkwe! Fundi saa maisha yake yote, na mtandaoni hayumo kabisa! Nani atamwandika kama si mimi? Nimempigia kumwuliza habari za ile saa kubwa ya stesheni aliyoitengeneza. Kasema hakuitengeneza yeye, ni mwenzake wa meza ya pili, yeye alimshikia taa.

Unyenyekevu ulioje! Nimeuweka kwenye aya ya kwanza, mara tu baada ya saa yake ya stesheni.