T40-22-K-L, Rangi Yoyote

Jumatatu, 4 Machi

Mwenzetu mmoja wa klabu, dereva wa lori, amehama mji. Nafasi moja imebaki wazi kwenye timu ya klabu yetu ya kulenga shabaha kwa bunduki za upepo. Majaribio ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nafasi ni yangu, haina mjadala. Miaka mitatu nimekuwa mwanachama wa kufagia kibanda na kubandika karatasi za shabaha. Sasa basi.

Tatizo langu siku zote ni bunduki ya klabu. Kila mtu anaishika, imechoka. Nikiwa na yangu watanitambua.

Nimemwambia mke wangu tukinywa chai. Alikuwa anakata kitambaa cha mteja kwa ule mkasi wake wa mkono wa kushoto, ambao umeshanikata mimi mara mbili. Hakuinua kichwa. Akauliza kama hili ni jambo la aina ya kinanda. Nikasema si la aina ya kinanda. Akauliza kama ni la aina ya mashine ya kutotolesha mayai. Nikamwongezea chai. Baadaye akasema haya, atakuja kuangalia majaribio. Atakuja! Hajaja kuangalia jambo langu lolote tangu siku ile ya kinanda, watu walipotoka ukumbini mmoja mmoja hadi akabaki yeye peke yake, akipiga makofi.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayesoma. Nataka anitazame mara moja tu bila ile huruma. Zamani alikuwa ananitazama vizuri.

Jumanne, 5 Machi

Nimeleta katalogi kutoka duka la vifaa vya michezo. Kurasa kumi na nne za bunduki za upepo, na kila bunduki ina jina refu la herufi na namba. Mwingine angekata tamaa. Lakini mimi ni mtunza stoo ya vipuri vya magari, mwaka wa kumi na tisa huu. Kusoma namba ndiyo kazi yangu. Nionyeshe ubavu wa boksi, nitakwambia kilichomo bila kulifungua.

Saa ya chakula nimekaa kati ya rafu za breki na rafu za fenibelti, nimezichambua zote. Zimebaki mbili. T40-177 na T40-22-K-L. Kwa jicho la kawaida ni pacha. Kwa jicho la stoo, hapana. Kwetu namba inayofuata kistari ni idadi ya marekebisho, yaani kifaa kimerudi kiwandani mara ngapi kusahihishwa. Mara mia moja sabini na saba! Hiyo si bunduki, ni mgonjwa. Nyingine imerudi mara ishirini na mbili tu. Halafu K, kwetu, ni seti kamili. Herufi ya mwisho ni rangi, na rangi haimhusu mtu mwenye akili.

Nimefanya kosa la kupita kinyozi. Huyu ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, na ndiye mlengaji bora wa klabu, jambo ambalo halimpiti mteja hata mmoja bila kuambiwa. Akasema, wembe ukiwa kwenye kidevu cha mtu, kwamba 177 na 22 ni kipenyo cha mtutu kwa inchi, yaani nukta 177 na nukta 22. Eti 177 ni milimita nne na nusu, ndiyo inayoruhusiwa kwenye mashindano, na 22 ni milimita tano na nusu. Eti niangalie ukurasa wa mwisho, yote yameelezwa.

Yaani 177 iwe ndogo kuliko 22. Ananiona mtoto. Nimeaga kwa adabu. Anaogopa, ndiyo maana anataka nichukue ile mbovu. Ukurasa wa mwisho sijaufungua wala sitaufungua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeagiza. Mwenye duka amekubali kuchukua vitu vyangu vya uvunguni kama malipo: kinanda, mashine ya mayai, fimbo tatu za kuvulia samaki na lile hema lisilokuwa na nguzo. Mke wangu amefagia uvungu wa kitanda kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Alikuwa anaimba.

Mwenye duka ni mtu wa pole pole. Akauliza kama nina hakika na 22, kwa sababu watu wa klabu huwa hawachukui hiyo. Nikasema ndiyo maana hawashindi. Akauliza kama nina hakika na K. Nikasema mimi sinunui nusu nusu. Akauliza kama nina hakika na ile herufi ya mwisho. Nikamwambia rangi yoyote ni sawa. Akaandika.

Nimemwambia katibu wa klabu, mwalimu mstaafu, kwamba nitakuja na silaha yangu mwenyewe. Akasema vizuri, na kwamba kibandani karatasi zimeisha.

Jumatano, 13 Machi

Imefika. Inang'aa. Rangi ni nyeusi, kwa hiyo hakukuwa na haja ya maswali.

Ni fupi kidogo. Tuseme ni fupi. Nikiishika nafanana na mtu anayepiga filimbi. Halafu kitako kina uvimbe ubavuni, mahali pa kuegemeza shavu, na uvimbe wenyewe uko upande ambao shavu langu haliko. Nimejaribu kulipeleka shavu. Nimepindisha shingo, nimepanua magoti, nimefumba jicho hili, nimefumba lile. Mke wangu alikuwa dirishani kwenye cherehani yake. Akauliza kama naumwa. Nikasema ni mtindo mpya. Akauliza kama anaweza kuishika. Nikasema si mkasi, mama.

Alhamisi, 14 Machi

Shingo imekataa kurudi. Nimehudumia wateja siku nzima kichwa kikiwa begani. Mmoja aliyekuja kutafuta plagi alidhani namwona mwongo, akaanza kuapa kwamba gari ni lake.

Jumamosi, 16 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Mke wangu alikuja. Alivaa gauni la kijani, lile analovaa kwenye harusi za watu. Akakaa mstari wa mbele na pochi magotini. Nilimpungia mkono. Shemeji naye akadhani anapungiwa yeye, akanijibu.

Katibu akaigeuza bunduki yangu, akasoma ubavuni, akavua miwani. Akasema klabu inapiga milimita nne na nusu tu. Hii ni tano na nusu. Nikamwambia aniruhusu nijaribu risasi za klabu hizo hizo, chombo kizuri hakichagui. Akasema haiwezekani. Nikasema ataona. Nikapachika kijirisasi. Nikainamisha mtutu kuwaonyesha. Kijirisasi kikateleza mtutu mzima, kikatoka mbele, kikadondoka juu ya kiatu cha katibu. Kililia kama punje ya mchele kwenye sinia. Ukumbi wote ulikuwa kimya, kwa hiyo kila mtu alikisikia.

Shemeji hakucheka. Afadhali angecheka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba K ni mtutu mfupi, na L ni kitako cha mtu wa mkono wa kushoto, na kwamba vyote vimo ukurasa wa mwisho.

Wakanipa bunduki ya klabu. Risasi tano. Karatasi yangu ilirudi nzima, bila tundu, ingeweza kutumika tena. Karatasi ya shemeji, kibanda cha jirani, ilikutwa na matundu sita, naye alikuwa amepiga matano. La sita lilikuwa katikati kabisa. Nikasema hilo ni langu. Katibu akaniomba nikae.

Tumerudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu ndiye aliyebeba bunduki kwa sababu shingo ilikuwa inaniuma. Akanishika mkono njia nzima. Ile huruma. Miaka kumi na tisa nasoma namba za watu, na yangu mwenyewe imenishinda. Nimelala mchana nikiwa na viatu.

Jumapili, 17 Machi

Niliamshwa na mlio wa bati uani.

Mke wangu alikuwa amepanga makopo matano ya nyanya mbele ya gunia la mchanga, ukutani. Alikuwa amefungua pakiti ya vijirisasi vya milimita tano na nusu niliyopewa dukani, ambayo mimi nilidhani ni ya maonyesho. Bunduki ilikuwa begani mwake, la kushoto. Shavu limekaa pale penye uvimbe kama kichwa kwenye mto. Ufupi hauonekani, kwa sababu na yeye si mrefu.

Makopo yote matano yalikuwa chini. Akayapanga upya. Yakaanguka tena. Kisha akapachika vibanio vya nguo juu ya gunia, akaviangusha kimoja kimoja.

Nikamuuliza anafanyaje. Akasema ni kama kutunga uzi kwenye sindano. Unashusha pumzi, unasubiri mkono utulie, halafu hulazimishi. Akasema nije anionyeshe. Nikasema nina kazi ya kufikiri.

Nimefikiri. Hitilafu imepatikana. Bunduki haina darubini ya kulengea. Ningekuwa na darubini, Jumamosi ingekuwa hadithi nyingine.

Jumatano, 20 Machi

Usaliti. Shemeji aliona makopo uani akampelekea katibu habari. Katibu akakumbuka kwamba kabatini kuna bunduki ya klabu ya mkono wa kushoto, milimita nne na nusu, ambayo haijaguswa tangu inunuliwe kwa sababu hakuna mwanachama wa kushoto. Wamemwita mke wangu ajaribu. Risasi tano. Katibu alihesabu tundu moja, akadhani nyingine nne zimepotea. Zilikuwa zimepita humo humo.

Nafasi ya dereva wa lori ni yake. Mashindano ni Jumamosi.

Nimesema hongera. Nilisema vizuri, mara mbili. Kisha nikaenda stoo nikahesabu nati ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa. Nilifurahi kwa ajili yake na nikaumia zaidi kwa ajili yangu, na sikujua ni kipi nimwambie.

Ijumaa, 22 Machi

Asubuhi amepiga pasi gauni la kijani. Akaja kukaa karibu nami mezani, jambo ambalo hana muda nalo siku za kazi. Akasema bila bunduki yangu asingejua kamwe kwamba ana jicho. Akasema ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuleta nyumbani. Ameniwekea kiti mstari wa mbele, kiti kile kile alichokalia yeye. Akasema akiniona pale mkono utatulia. Alikuwa ananitazama kwa namna fulani. Haikuwa huruma. Nilijaribu kukumbuka niliiona wapi mara ya mwisho, lakini katalogi ilikuwa imefunguka mbele yangu kwenye ukurasa wa darubini na ilibidi nimalize.

Zimebaki mbili. 3-9x40 na 4x15. Shemeji, nikipita kinyozini, akasema nichukue ya kwanza: 3-9 ni mara inazokuza, 40 ni upana wa kioo. Mwenye duka naye amesema hivyo hivyo. Wamepanga. Kwa jicho la stoo jambo liko wazi: kwenye darubini namba inayofuata x ndiyo ya marekebisho. Ya kwanza imerekebishwa mara arobaini. Ya pili, mara kumi na tano tu. Nimeagiza ya pili. Mwenye duka akauliza kama nina hakika. Nikamwambia rangi yoyote.

Italetwa kesho saa nne, saa ile ile ya mashindano. Mleta mizigo hasubiri mtu. Nimemwambia mke wangu kwamba nitafika mwishoni mwishoni, aniwekee kiti. Amesema sawa. Ameondoa viatu vyake uvunguni kunipisha nafasi ya boksi.