Lithiamu na Mlango wa Maabara

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kosa wanalofanya watu wengi ni kudhani kwamba nyota ndiyo jiko lililopika kila kitu. Mwalimu Otuoma hulifanya hadharani. Jana baada ya ibada aliwatangazia wazee kwamba chuma cha jembe, chokaa ya mifupa na betri ya simu vyote vimetoka tumboni mwa nyota. Chuma, sawa. Chokaa, sawa. Lakini betri ina lithiamu, na lithiamu ndani ya nyota haikai. Inaungua! Joto likifika digrii milioni mbili na nusu hivi, kwisha habari yake. Lithiamu ya kwanza kabisa, kiasi kidogo mno, ilitengenezwa dakika chache baada ya ulimwengu kuanza, kabla nyota yoyote haijawaka. Nyingine iliongezeka baadaye kwa njia mbalimbali. Nilimweleza Otuoma haya yote. Akasema, haya, ameanza tena.

Sasa jambo lenyewe. Shule ya hapa Kisesa, tuliyofundisha sote wawili hadi kustaafu, yeye baiolojia na mimi fizikia, imejenga maabara mpya. Mlango hauna jina. Fadhila, mkuu wa shule na mwanafunzi wangu wa zamani, ametualika Jumamosi tufundishe kidato cha tatu kipindi kimoja kimoja. Bodi itakuwepo, na jioni bodi itachagua jina la maabara. Fadhila amesema hayo ni mambo mawili tofauti. Mimi si mtoto.

MAABARA YA MWALIMU LUHENDE. Nimeiandika nyuma ya bahasha kuona inavyokaa. Inakaa vizuri sana.

Presha leo: 168 kwa 102. Mke wangu Gladness ameiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Chumvi imehamishwa jikoni. Haijulikani iliko.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeshuka Nyamagana kutafuta kloridi ya lithiamu. Nimeipata kwenye duka la vifaa vya shule, chupa ndogo. Muuzaji aliuliza ni ya kazi gani. Nilimweleza kwa dakika arobaini. Akafunga duka mapema.

Mpango ni huu. Unachovya waya safi kwenye unga, unauweka kwenye moto wa bluu, moto unageuka mwekundu kama ua la mkrismasi. Kila elementi ina rangi zake na haiwezi kuazima za jirani. Ndivyo wanavyoisoma nyota bila kuifikia: wanautawanya mwanga wake, wanatazama alama za rangi, wanajua ndani kuna nini. Nyota haiulizwi. Mwanga wake unasema.

Nikapitia soko la samaki la Mwaloni, ambako si njia ya kurudi Kisesa. Moza, muuza samaki wangu, ana kayabo mpya, yaani sangara aliyekaushwa kwa chumvi, mgumu kama ubao, wale wanaopakiwa malori ya Kongo. Alisema, shikamoo mwalimu, mama Gladness amenipigia simu nisikuuzie. Nikamwambia marahaba, na kwamba hiki ni cha utafiti. Akacheka hadi akakaa chini. Nimechukua kipande kimoja tu. Kimelala mfuko wa ndani wa koti.

Maji ya ziwa letu hayana chumvi. Kwa hiyo samaki mwenyewe hana kosa.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemtembelea Otuoma na mkungu wa ndizi ili kumpeleleza. Habari mbaya. Ataleta kamongo. Mzima! Kwenye beseni! Samaki mwenye mapafu, anayepanda juu kuvuta hewa kama mzee aliyepanda kilima. Watoto watalipuka kwa furaha. Mimi nina moto wa ukubwa wa kidole.

Otuoma akauliza yangu ni nini. Nikasema mambo madogo madogo ya asili ya ulimwengu. Akasema angalau kamongo atajua kwamba kipindi kimekwisha.

Nikaenda moja kwa moja kwa Fadhila. Nilimshauri, kwa faida ya shule, kwamba kipindi cha baada ya chakula ndicho cha heshima. Wageni wakubwa huzungumza watu wakiwa wameshiba. Kila mwalimu anajua ukweli: baada ya ugali na maharage, kidato kizima husinzia. Kamongo akavute hewa mbele ya waliolala.

Fadhila alinishukuru sana. Akasema kama ni cha heshima basi apewe mkubwa, akafungua jalada akatazama tarehe za kuzaliwa. Nimemzidi Otuoma miezi minne.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimefanya mazoezi mbele ya Gladness akichambua maharage. Nilianza na elementi za berili na boroni. Hizo nazo hazikupikwa. Huko angani kuna chembe zinazokwenda kasi ya kutisha; zikigonga kaboni au oksijeni, zinaipasua, na vipande ndivyo berili na boroni. Ni kama wale wavunja mawe wa Igoma: hakuna anayepika kokoto, zinatokana na kugonga. Na kadiri siku zinavyokwenda, kokoto zinaongezeka. Kwa hiyo nyota yenye berili kidogo sana ilizaliwa zamani, lundo lilipokuwa bado dogo. Gladness alisema hilo ameelewa. Ana akili sana huyu mwanamke, tatizo ni kalamu nyekundu.

Nikamwambia fumbo la lithiamu. Mahesabu ya mwanzo wa ulimwengu yanatoa kiasi fulani, lakini nyota kongwe zinaonyesha kama theluthi yake tu. Iliyobaki iko wapi? Pengine imezama ndani kabisa ikaungua. Pengine kuna tusilolijua. Wataalamu bado wanabishana.

Gladness alisema nyumbani kitu kikipotea, aliyekila huwa anajulikana.

Nikabadilisha mada.

Jumamosi, 13 Septemba

Nitaandika yote. Ukweli ni ukweli.

Otuoma alifundisha kipindi cha saa nne asubuhi. Kamongo alipanda kuvuta hewa mara tatu, darasa zima likavuta naye. Mjumbe mmoja wa bodi alipiga picha.

Chakula cha mchana: ugali na maharage. Yangu yaliletwa kwenye sahani ya pembeni. Gladness alikuwa amempigia simu mpishi. Hakuna chumvi hata punje. Mtu hawezi kuueleza mwanzo wa ulimwengu kwa maharage ya namna hiyo. Nikasema nakwenda kukagua moto, nikazunguka nyuma ya maabara, nikatafuna kayabo. Kidogo. Robo tatu.

Kipindi kikaanza. Watoto macho mazito. Bodi macho mazito. Gladness mstari wa mbele, macho makavu. Nikawaambia kuhusu nyota fulani zilizozeeka, ambazo lithiamu yake ilipaswa kuwa imekwisha, lakini mwanga wake unaonyesha imejaa. Imetoka wapi? Wengine wanashuku kwamba baadhi yake zimemeza sayari zake. Zinameza kimyakimya, hakuna anayeona, lakini mwanga unazisema. Hapo wakaamka! Nikawa nimeshashinda.

Nikachukua waya, nikaunyoosha kwa vidole, nikauweka motoni mtupu ili waone kwamba hauna rangi.

Njano. Njano kali kama koti la bodaboda.

Nikaufuta kwa vidole. Njano zaidi. Nikachovya lithiamu haraka. Njano, na wekundu kidogo pembeni ukikosa pumzi. Binti mmoja anaitwa Faith akanyoosha mkono, akasema ile ni rangi ya sodiamu, wamefundishwa wiki iliyopita. Otuoma akauliza kwa upole wa kuudhi, mwalimu mwenzangu, sodiamu ya kawaida si ndiyo ile ya chumvi?

Gladness akasimama. Akaja mbele taratibu, akaushika mkono wangu, akaunusa.

Faith akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia: "Basi mwalimu naye amemeza sayari."

Darasa likaanguka. Bodi ikaanguka. Otuoma alilazimika kushika beseni. Gladness akaingiza mkono kwenye koti, akatoa mabaki ya sayari yenyewe, akayaweka mezani kama kidhibiti.

"Baba Josephat," akasema, "kanawe. Darasa linasubiri."

Nikanawa kwa sabuni, mara mbili. Fadhila akaleta boksi la mbao kutoka maabara ya zamani. Ndani kulikuwa na waya kumi na mbili, kila mmoja umesafishwa kwa tindikali na kufungwa kwenye karatasi yake, na mwandiko wa penseli: SAFI, USIGUSE KWA VIDOLE. Mwandiko wa marehemu Ndalahwa, fundi wa maabara. Miaka ishirini na minane alituoshea vyombo, akatuandalia kila jaribio, nasi tukaingia na kupigiwa makofi.

Gladness ndiye aliyeshika, kwa koleo. Hawakuniamini tena.

Nyekundu. Safi kabisa. Hakuna aliyepumua, hata kamongo sidhani. Nikawaambia kwamba baadhi ya chembe kwenye ule unga huenda zina umri wa ulimwengu wenyewe. Sikuongeza neno. Sijui ilikuwaje, sikuongeza neno.

Jumatatu, 15 Septemba

Barua ya bodi imefika. MAABARA YA NDALAHWA.

Nimeisoma mara tatu. Otuoma akapiga simu. Alikuwa ameshaandaa na hotuba, maskini. Tukakubaliana kwamba bodi imefanya haki. Tulikubaliana kwa shida, lakini tulikubaliana. Kisha akaniita Mzee Sayari na kukata simu.

Presha: 171 kwa 104. Mashine ile ina kasoro.

Sasa, Fadhila amedokeza kwamba mwakani watajenga bwalo la chakula. Bwalo litahitaji jina. Ni wazi kwamba Jumamosi kosa langu lilikuwa moja tu: nilikula kwa mkono wa kulia, nikashika waya kwa mkono huohuo. Nimeshazungumza na mpishi. Na bahasha iko hapa: BWALO LA MWALIMU LUHENDE. Inakaa vizuri kuliko hata ile ya kwanza.

Gladness anataka twende zahanati leo. Nimemwambia kesho, leo nina shughuli Mwaloni. Lakini wewe utakayelisoma daftari hili siku moja, usinitazame mimi. Kapime presha yako leo.