Nimeshindwa Uchaguzi na Sinia la Sambusa

Leo nimepigwa kwenye uchaguzi na sambusa. Si mtu anayeitwa Sambusa. Sambusa zenyewe, za nyama, kwenye sinia.

Kwanza mnisamehe. Niliishia darasa la saba na naandika polepole, kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkikuta herufi imeruka mjue ni mimi, si simu. (Ingekuwa karatasi mngeuona mwandiko wangu, mngelia.)

Ni hivi. Jumamosi huwa najitolea kwenye ukumbi mmoja wa Rosettenville. Tunawaandikisha wapiga kura, wale waliopewa uraia wa Afrika Kusini juzijuzi. Wanakuja na vitambulisho vipya, tunawajazia kwenye simu, wanaondoka. Mkubwa wetu ni Dada Neema, msusi kutoka Bukavu. Kazi yangu ni kupanga viti na kusema "karibu" kwa sauti ambayo watu huniomba nirudie. (Mimi mwenyewe uraia bado sina. Nawapangia viti wenye nao.)

Leo ukumbi ulijaa lakini hakuna aliyesogea mezani. Wote walikuwa wanamtazama Mama Mwanaidi. Huyu ni mama wa Tanga, ndiye niliyepanga chumba chake cha nyuma kule Turffontein, na wanawake wa mtaa wetu hawafanyi jambo mpaka yeye aanze. Mama Mwanaidi uraia kapata, kafurahi, kapiga na picha. Kujiandikisha hataki. Alisema yeye hajui kumkatalia mtu. Akishaandikwa tu, kila anayetaka kura atakuja kupiga hodi, naye atawaahidi wote, halafu siku ya siku atampa mmoja, na waliobaki watamnunia mpaka anaingia kaburini. Bora akae pembeni. Wanawake wakaitikia kwamba ni kweli kabisa.

Dada Neema akaninong'oneza kwamba mama huyu akitoka hapa bila kuandikwa, tufunge meza twende nyumbani. Ndipo akapata wazo: tufanye uchaguzi wa majaribio, watu waone kura ni kitu gani. Wagombea wawili. Mmoja mimi. Wa pili alikuwa awe kijana mwenzangu wa kujitolea, lakini alikuwa bado yuko njiani. Dada Neema akaangaza huku na huku, akaliona sinia la sambusa alilokuja nalo Mama Mwanaidi kwa ajili ya chai.

"Shabani, mpinzani wako ni ile pale," akasema.

Nikafurahi. (Mtu mwenye haya kama mimi, napata mpinzani asiyeongea!)

Tukaambiwa tuombe kura. Nikasimama. Nikasema, "Naitwa Shabani. Asanteni." Nikakaa. Papa Kasongo, fundi cherehani wa Lubumbashi, akauliza kama hiyo ndiyo hotuba au nimepiga chafya. Zamu ya sambusa ilipofika, Dada Neema alifunua kitambaa tu. Harufu ikamaliza kazi.

Nikapita kwenye viti kuomba kura kwa mkono. Hapo mambo yakanyooka. Kila mtu aliniahidi. Papa Kasongo alinishika bega: "Petit, mdogo wangu, mi niko na weye. Usiogope." Mama Mwanaidi alisema kura yake ni yangu tangu siku nilipohamia kwake, akaniita mwanangu. Nikaanza kufikiria nitasema nini nikishinda.

Kazi ya kuelekeza pia nilipewa mimi. Nikainua karatasi ya kura. Dada Neema alikuwa amechora duara lenye masikio (huyo ni mimi) na pembetatu (hiyo ni sambusa, mpinzani wangu). Nikawaambia weka alama moja tu, na usiandike jina lako, ukiandika jina kura imeharibika. Nilirudia mara mbili. Nikajiona mwalimu.

Wakaingia nyuma ya pazia mmoja mmoja, wakatoka na kutumbukiza karatasi kwenye boksi la viatu. Na mimi nikaingia.

Kuhesabu kukaanza. Dada Neema anatoa karatasi, anaionyesha, anasoma. "Sambusa." Sawa, ndiyo ya kwanza. "Sambusa." "Sambusa." Kila akisoma, kuna mtu anaangalia dari. Papa Kasongo aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba.

Ikabaki karatasi moja. Nikasema moyoni, hiyo ni yangu, angalau moja nitapata. Dada Neema akaifungua, akaigeuza ukumbi mzima uone. Alama ipo, kwenye duara lenye masikio. Na juu yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuandika, jina langu kamili. Nimelipigia na mstari.

Eish, jamani. Shuleni tulifundishwa, ukipewa karatasi, kabla ya lolote andika jina. Mkono uliandika wenyewe.

"Imeharibika," akasema Dada Neema, sauti inamtetemeka kwa kicheko. "Mgombea Shabani, sufuri."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Papa Kasongo alicheka mpaka akashikilia ukuta. Mimi nililitazama lile boksi la viatu nikitamani ningeenea ndani.

Mama Mwanaidi peke yake hakucheka. Alikuja na kikombe cha chai, akanipa, akakaa kiti cha jirani.

"Shabani, nilikuahidi."

"Ndiyo, mama."

"Na sikukupa."

"Nimeona, mama."

"Umeninunia?"

Nikajipima kwanza. Aibu ilikuwepo, tele. Kununa hakukuwepo. "Hapana, mama."

"Chumba utahama?"

"Nitahamia wapi, mama?"

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Umemwahidi mtu, umemnyima mchana kweupe, na chai yako anakunywa." Akafungua mkoba, akatoa kitambulisho, akakiweka mezani mbele ya Dada Neema. "Niandike. Kuna watu wengi nataka kuwanyima."

Foleni ikafika mlangoni. Tumeandika mpaka alasiri. (Mshindi aliliwa kabla ya kuapishwa.)

Basi msinicheke sana. Huo ndio uchaguzi pekee ninaoruhusiwa nchi hii, na nimepata sufuri. Ukisoma mpaka hapa niandikie, hata mstari mmoja. Nitachelewa kujibu lakini nitajibu. Ila usiniambie kwamba wewe ungenipigia. Kwa leo nimeshaahidiwa vya kutosha.