Nani Alimuua Mwalimu Mkuu? (Hata Mimi Sijui)

Jumatatu, 16 Juni 2025

Leo darasa zima limelijua jina langu! Tangu tuhamie Jinja nimekuwa "yule Mkenya wa dirishani". Leo nimekuwa Beldina.

Sababu ni hadithi yangu. Mwalimu mkuu amekutwa amekufa ofisini, mlango umefungwa kwa ndani. Niliisoma wakati wa mapumziko kwa sauti ndogo (sina nyingine), wakasogea wenyewe wanisikie. Mpelelezi akanyoosha mkono ashike kitasa. Kitasa kikaanza kuzunguka chenyewe... Nikafunga daftari. Kelele! Ndivyo zinavyofanya riwaya za upelelezi: mwache msomaji mguu mmoja hewani.

Afande Wamboga, askari magereza mstaafu anayeendesha klabu yetu ya Kiswahili ("Simama! Keti! Soma!"), kaniteua kwa shindano la hadithi la Jumamosi huko Mbale. Dakika kumi jukwaani. Nikasema ndiyo, afande.

Kasoro ndogo: muuaji simjui. Wala sijui alitokaje.

Jumanne, 17 Juni

Eriya Bogere, wa dawati la nyuma na mjuaji wa kila kitu, ametangaza kuwa muuaji ni mpishi. Nami nilikuwa nimeamua hivyohivyo jana! Nikamwambia asubiri. Nyumbani nikamuua mpishi. Sumu.

Janepher, mwenzangu wa dawati, kaniletea kabalagala tatu za moto, vile vijichapati vya ndizi, nimnong'oneze jina. Nikala zote tatu. Nikamnong'oneza kwamba kesho.

Jumatano, 18 Juni

Asubuhi Eriya kasema basi ni sekretari. Nikampeleka sekretari kwenye mazishi huko Nakaloke siku ileile ya mauaji, mashahidi mia mbili. Saa saba kasema basi ni mchungaji. Saa nane mchungaji kagongwa na lori la saruji.

Eriya kaghadhibika. Eti kila anayemtaja anakufa, na tafadhali nisije nikasikia jina la shangazi yake. Darasa likavunjika mbavu kwa kicheko, likiwa upande wangu. Sijawahi kuwa na upande.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemsomea Mama aliporudi na marobota yake ya mitumba. Kauliza, mwanangu, nani kaua? Nikamweleza kuwa kutojua ndio utamu. Akauliza, je, leo akiweka ugali mezani na kuufunika hadi kesho, nitauita utamu? Mama haelewi fasihi.

Nikiri hapa tu. Muuaji ningeweza kumpata, hata kwa kupiga kura. Naogopa. Hadithi ikiisha, nani atasogea tena dirishani?

Ijumaa, 20 Juni

Afande kaniamuru nimalize hadithi. Nikasema jina ni siri. Akasema miaka thelathini gerezani kasikia siri nyingi, na wenye siri wote walisema. Nikamweleza kwa heshima kwamba mpelelezi lazima kwanza awakusanye washukiwa chumba kimoja.

"Washukiwa gani, wewe? Si umeshawaua wote?"

Si wote! Wamebaki mlinzi, mjane wa marehemu na paka.

Jumamosi, 21 Juni

Mbale. Ukumbi umejaa hadi madirishani. Walisogea wote wanisikie! Dakika tatu nikasoma mwanzo wote, dakika sita mpelelezi akazunguka chumba. Kafuta miwani. Kamimina chai. Kamtazama mlinzi, kamtazama mjane, kamtazama paka. Mvua ikaanza kunyesha. "Muuaji," akasema polepole, "yumo humu ndani, na jina lake ni..."

Kengele! Dakika zimekwisha. Nikainama kama mshindi.

Zogo! Mzee mmoja akapaza sauti kwamba kaacha shamba la vitunguu kuja hapa, na haondoki bila jina. Jaji akaniuliza kwa upole, binti, nani kaua? Nikajibu kwamba mtajua.

Hapo akasimama Eriya, aliyekuja kama mshangiliaji tu. Akasema samahani waheshimiwa, hakuna aliyeua. Mlango ulifungwa kwa ndani na marehemu mwenyewe. Ukurasa wa kwanza ana kipande cha sambusa mkononi. Ukurasa wa pili mlinzi anasikia kikohozi. Mwalimu mkuu kakabwa na sambusa! Vifo vingine, akasema, ni mwandishi tu kakasirika.

Ukumbi ukalipuka. Mzee wa vitunguu akamkumbatia. Jaji akampa kamusi, eti kwa kumaliza hadithi.

Sambusa niliiandika kwa sababu nilikuwa na njaa. Kikohozi kilikuwa cha kujaza mstari.

Njia nzima hadi Jinja walimzunguka Eriya awaeleze tena. Janepher alimmenyea chungwa. Mimi nilipata kiti cha dirishani.

Jumapili, 22 Juni

Nimetafakari kanisani, mahubiri yote. Kosa nimeliona: nilitoa mengi mno. Mlango, maiti, sambusa! Hata mtoto angegundua.

Hadithi mpya haina maiti, haina washukiwa, haina dalili hata moja. Mpelelezi anafika, anaketi, anajua kila kitu, hasemi. Kurasa mia mbili. Eriya na ajaribu sasa!

Nje ya kanisa nilimwambia Janepher kuwa nina hadithi mpya. Akauliza inahusu nini. Nikatabasamu, nikamwambia atajua.

Akasema haya, akaenda zake bila kugeuka.

Amenasa!